Albamu za Ozzy za peke yake: hii CD ya 2002 nani kapiga besi, na hizi nyimbo zilikuwa za nani?

#1 Kaseti ya Mjomba
Wakuu habari. Uzi huu ni wa sisi wachache humu tunaosikiliza hevi metali, watu wa singeli mtuvumilie.

Nina CD ya Diary of a Madman ya Ozzy Osbourne, toleo la 2002, nimeizoea mpaka najua kila kona. Juzi dogo wa nyumbani kaifungua albamu hiyohiyo kwenye simu akaunganisha na spika, nikashtuka. Sauti ya Ozzy ileile, gitaa la Randy Rhoads lilelile, ila besi sio ile na drami sio zile. Nikasema spika mbovu, tukabadilisha spika, bado. Tukaweka na Blizzard of Ozz, mambo yaleyale!! Sasa kuna albamu mbili zenye jina moja au mimi ndio nazeeka masikio?

Na niseme na la moyoni kabisa ili mnitukane kwa pamoja: Ozzy wa peke yake, baada ya kufukuzwa kwenye bendi yake ya Black Sabbath 1979, ana albamu mbili tu za maana, Blizzard ya 1980 na Diary ya 1981. Zilizobaki biashara. Nawasilisha.

#2 Chuma Kizito
Masikio yako mazima mkuu, aliyechezewa ni wewe na wenzako wote mlionunua mwaka ule.

Albamu hizo mbili zilirekodiwa Ridge Farm, studio ya shamba huko Surrey Uingereza, fundi mitambo Max Norman. Besi Bob Daisley, Mwaustralia. Drami Lee Kerslake wa Uriah Heep. 2002 zikatolewa upya, na besi na drami zote zikafutwa zikapigwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin yule wa Faith No More. Hawa ndio walikuwa bendi ya Ozzy wakati huo, Trujillo hata hajaenda Metallica, alienda 2003. 2011 wakarudisha zile za asili, ndio hizo dogo kakuwekea kwenye simu.

Kwa hiyo CD yako ni Randy aliyefariki 1982 anapiga gitaa na watu ambao hakuwahi kurekodi nao hata dakika moja. Itunze, ni kituko cha kihistoria.

#3 Mwana Ngamiani
Zilizobaki biashara??? Mtoa mada umeamka na nani leo. No More Tears je? Naweka kambi hapa, naenda kuchemsha chai kwanza.

#4 Besi Nne
Mimi ni mpiga besi (kanisani, msicheke) na hili jambo limeniuma miaka mingi. Wekeni Over the Mountain matoleo yote mawili, wimbo unaanza na drami peke yake kabla ya kitu kingine chochote. Kerslake zinamporomoka kama magunia ya nazi yanateremka kwenye lori, huwezi kuzitabiri. Bordin anapiga vizuri, sikatai, fundi kabisa, ila anapiga kitu ambacho mtu mwingine alikibuni akiwa na hasira zake.

Halafu besi ya Daisley haikai chini kusindikiza, inatembea, inajibizana na Randy. Trujillo yuko sawa, ila kakuta mazungumzo yameisha.

#5 Rocka wa South B
Wasee wa Bongo mko sawa. Huku Nairobi tulilelewa na X FM bana, Crazy Train ilikuwa inapigwa hadi wazazi wanaimba. Swali langu ni moja tu, sababu ya kufuta watu ilikuwa gani? Nani anaamka asubuhi anaamua kufuta drami za albamu iliyouza mamilioni?

#6 Wakili wa Kijiweni
@Rocka wa South B pesa. Daisley na Kerslake walishaenda mahakamani mara ya kwanza miaka ya 80, halafu wakarudi tena kudai mirabaha. Wakati kesi ya pili inaendelea ndio matoleo ya 2002 yanatoka bila wao. Sharon Osbourne, mke na meneja, taarifa yake ilisema hao jamaa wameisumbua familia, Ozzy akataka waondolewe, na kwamba wamegeuza ubaya kuwa wema kwa kuzipa albamu sauti mpya. Kesi yenyewe mahakama Marekani ikaitupa 2003.

Ukiangalia kisheria ni ujanja wa kawaida tu. Huna rekodi, huna madai ya mirabaha ya upigaji.

#7 Bibi Santuri
Wakili umesema nusu. Ozzy mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake cha 2009 kasema yeye hakuhusika na uamuzi ule. Mke anasema mume alitaka, mume anasema hakuhusika. Chagueni wa kumwamini.

Na kilichowauma mashabiki ni kwamba waliuziwa bila kuambiwa. Kelele zilipozidi ndio wakaanza kubandika stika kwenye kava kueleza kuwa kuna vipande vimerekodiwa upya.

Mimi naishi Birmingham, hapahapa alipozaliwa, nakusanya santuri. Niulizeni.

#8 Kaseti ya Mjomba
Shikamoo bibi. Kumbe ndio maana CD yangu haina stika. Mimi bado sijaelewa kitu kimoja, kama hawa jamaa walikuwa waajiriwa tu wanalipwa mshahara wanapiga wanaondoka, wanadai nini?

#9 Bibi Santuri
Marahaba mwanangu. Hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Daisley anasema hakuajiriwa na mtu, waliunda BENDI, na bendi inaitwa Blizzard of Ozz. Albamu ilipotoka wakakuta kwenye kava jina la Ozzy Osbourne ni kubwa na jina la bendi limekuwa kama jina la albamu. Lebo ilikuwa Jet Records, ya Don Arden, baba yake Sharon, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Diary ndio mbaya zaidi. Daisley na Kerslake wamerekodi yote, wakaachishwa kabla haijatoka, na ilipotoka kwenye kava majina na picha ni za Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, ambao hawakupiga hata noti moja mle. Kwa hiyo kufutwa kwa 2002 ni mara ya pili. Mara ya kwanza walifutwa kwenye karatasi.

#10 Msabato Mpole
Nimeingia humu nikidhani ni uzi wetu, nimeona mtu kataja Sabbath. Nimesoma hadi hapa nabaki nashangaa. Ndugu zangu huyu si ndiye aliyekuwa anaimba watu wajiue?

#11 Mwana Ngamiani
😂😂😂 Msabato karibu kiti, chai ipo.

#12 Chuma Kizito
@Msabato Mpole karibu. Unazungumzia Suicide Solution, iko kwenye Blizzard. Kuna kijana Marekani alijiua akiwa anasikiliza rekodi za Ozzy, wazazi wakashtaki, mahakama California ikaitupa kesi 1986 na rufaa ikatupwa 1988. Wimbo wenyewe ni wa pombe, unamwambia mlevi kuwa anajiua polepole. Ozzy alimwimbia Bon Scott wa AC/DC aliyekufa kwa pombe Februari 1980.

#13 Rocka wa South B
Zii, hapo sikubali. Ozzy ndiye alisema ni Bon Scott. Aliyeandika maneno ni Daisley, na Daisley kasema mara nyingi alikuwa anamuandikia OZZY MWENYEWE maana ndiye alikuwa anakunywa kupita kiasi pale studio. Yaani jamaa kaimba wimbo unaomsema yeye akidhani unamsema mwingine.

#14 Chuma Kizito
Aliyeimba ndiye anajua alikuwa anamfikiria nani akiimba.

#15 Rocka wa South B
Na aliyeandika je?

#16 Besi Nne
Yote mawili yanaweza kuwa kweli jamani. Ila point ya Rocka ni nzito kuliko mnavyodhani. Karibu maneno yote ya albamu mbili za kwanza ni kalamu ya Daisley. Crazy Train watu wanadhani ni ukichaa wa Ozzy, ni wimbo wa Vita Baridi, watu wanaishi na hofu ya mabomu ya nyuklia, mpiga besi ndiye kaandika. Ozzy alikuwa na kipaji cha melodi, anasikia rifu (kile kipande cha gitaa kinachojirudia) anaimba juu yake hapohapo, Randy analeta muziki, Daisley anajaza maneno. Sasa ukiita hiyo "solo" mimi napata shida.

Na mimi yamenikuta, kwa kiwango cha chini kabisa. Kuna albamu moja ya injili nilipiga besi nyimbo zote, tena nyimbo mbili ule mstari wa besi ndio wimbo wenyewe, ilipotoka jina langu hakuna, ameandikwa jamaa anayeonekana kwenye video. Sikulipwa vibaya, nililipwa. Ila nikiisikia kwenye daladala siwezi kumwambia mtu ni mimi maana ataniona mwongo.

#17 Fundi Mitambo
Wapenzi wasikilizaji nimechelewa. Niongezee la kiufundi kwenye alichosema Besi Nne pale #4.

Bendi inaporekodi, msingi unakuwa drami na besi, gitaa linajengwa juu. Randy alikuwa na tabia ya kupiga solo zake mara tatu, zikafanana noti kwa noti, zikawekwa moja juu ya nyingine, ndio maana zinasikika nene na zinang'aa vile. Yote hayo alikuwa anayapiga akiegemea drami za Kerslake, Kerslake akivuta kidogo naye anavuta, akikimbia naye anakimbia. 2002 wamegeuza nyumba juu chini, gitaa limekuwa msingi na mpiga drami ndiye anamfuata mtu aliyekwishakwenda. Hata ungemleta nani atasikika anachunga tu. Wala sio kosa la Bordin.

Kwa hiyo mimi sababu ya kesi naikubali nusunusu. Nadhani pia kulikuwa na mtu anaamini kabisa sauti za 1980 zimechakaa na vijana wa 2002 wanataka drami nzito za kisasa. Mwaka ule kipindi cha familia yao kilikuwa kinarushwa MTV, watoto wapya kibao wanamgundua Ozzy. Biashara ya kawaida.

#18 Wakili wa Kijiweni
Fundi hiyo haishiki. Kama shida ni sauti kuchakaa mbona Bark at the Moon ya 1983 hawakufuta drami? Ilitolewa upya mwaka uleule. Wamefuta zile mbili tu ambazo kuna watu wawili wanadai. Ushahidi wa mazingira huo.

#19 Fundi Mitambo
Na kama shida ni pesa, mirabaha ya UTUNZI je? Daisley jina lake lipo kwenye utunzi, hata ukifuta besi yake kila nakala ikiuzwa bado anapata chake cha utunzi. Umeingia gharama ya studio kuokoa nusu ya senti.

#20 Wakili wa Kijiweni
Ndio maana nimesema ujanja, sijasema busara.

#21 Popo wa Pemba
Nasubiri mtu ataje popo, ukurasa wa pili huu jamani mnanivunjia heshima.

#22 Mwana Ngamiani
Haya popo. Des Moines, Iowa, 20 Januari 1982, mtu katupa popo jukwaani, Ozzy akadhani wa plastiki akamng'ata kichwa. Angetupiwa Popobawa wenu wa Pemba stori ingeisha tofauti kabisa.

#23 Popo wa Pemba
Popobawa hatupwi, anakuja mwenyewe 😂 Na sisi visiwani tumetoa mwimbaji mkubwa kuliko huyo wenu, Freddie Mercury kazaliwa Mji Mkongwe 1946, na yeye pia ana albamu ya peke yake, Mr. Bad Guy, 1985.

#24 Chuma Kizito
Mr. Bad Guy sio metali. Rudini kwenye mada.

#25 Bibi Santuri
Nirudi kwa mtoa mada aliyesema zilizobaki ni biashara. Sikubali, ila ukitaka biashara hasa nenda Bark at the Moon. Gitaa kijana Jake E. Lee, besi Daisley huyohuyo (ndio, alirudi!). Soma kava uone watunzi, nyimbo zote kaandikiwa Ozzy Osbourne peke yake. Jake kasema miaka yote kwamba aliahidiwa utunzi, halafu akaletewa mkataba unaosema hakuandika kitu, asaini au arudi nyumbani na mtu mwingine aje kurudia gitaa zake. Daisley anasema yeye alilipwa fedha mkononi akaachia. Ile rifu ya wimbo wenye jina la albamu, mtu yeyote anayeshika gitaa anajua imetoka kwenye vidole vya nani.

Halafu 1986 The Ultimate Sin. Daisley akaandika maneno, wakagombana, akaondoka, kopi za mwanzo jina lake halimo, wakaliongeza baadaye. Hiyo ni mara ya ngapi sasa?

#26 Kaseti ya Mjomba
Bibi sasa hapo umenigusa, mbona The Ultimate Sin sijawahi kuiona kwenye matoleo ya 2002? Nilizitafuta zote wakati ule, hiyo tu haipo.

#27 Bibi Santuri
Haikutolewa. Iliachwa nje ya mpango mzima.

#28 Rocka wa South B
Ni ile kesi ya Shot in the Dark. Huo wimbo kaandika na Phil Soussan aliyepiga besi mle, ukawa mojawapo ya single kubwa za Ozzy miaka hiyo, halafu wakakosana kwa mambo ya haki. Angalia hata The Ozzman Cometh, ile mkusanyiko ya 1997 Shot in the Dark ipo, toleo la 2002 imetolewa. Hawakutaka kumlipa Soussan tu.

#29 Chuma Kizito
Ozzy hakuipenda ile albamu. Alisema prodyuza, Ron Nevison, kafanya nyimbo zote zisikike sawa, na kwamba angepewa nafasi ya kurudia albamu moja angerudia hiyo. Mtu hatoi upya kitu asichokipenda.

#30 Fundi Mitambo
Mtu akitaka kurudia albamu si ndio angeitoa upya? Kama waliweza kurudia drami za Blizzard iliyokuwa nzuri, wangeshindwaje kurudia iliyokuwa mbovu? Chuma umejijibu vibaya.

#31 Chuma Kizito
Sijajijibu popote. Kutopenda na kurudia ni vitu viwili. Na wewe toa yako basi.

#32 Fundi Mitambo
Yangu ni kwamba 2002 walikuwa na haraka, wakachagua zinazouza. Sina ushahidi kama nyie.

#33 Wakili wa Kijiweni
Ya Rocka ndio ina nyaraka angalau. Wimbo umetolewa kwenye mkusanyiko, huo sio upepo.

#34 Mwana Ngamiani
Chai imeisha naanza. 1991, No More Tears. Zakk Wylde kwenye gitaa, yule kijana aliyechukuliwa akiwa mdogo kabisa kwa No Rest for the Wicked ya 1988. Wimbo wenye jina la albamu dakika saba na ushee, ile besi ya mwanzo peke yake inatosha kufungia mjadala. Halafu Mama, I'm Coming Home, 28 kwenye chati ya Billboard Marekani, wimbo wake pekee wa peke yake kuingia 40 bora. I Don't Want to Change the World ile ya jukwaani ikamletea Grammy 1994. Mtoa mada hiyo nayo biashara?

#35 Besi Nne
Nzuri sana, nakubaliana. Ila tuulizane maneno ya nyimbo hizo kaandika nani. Lemmy wa Motörhead, nne: Hellraiser, Desire, I Don't Want to Change the World, na hiyo Mama. Lemmy alisema hizo nyimbo nne zilimpa pesa kuliko miaka yote 15 aliyokuwa na Motörhead. Angalau huyu alilipwa vizuri na jina likawekwa. Na besi iliyorekodiwa ni ya nani? Daisley. Tena. Ingawa ile ya mwanzo unayoisifia Mike Inez ndiye anatajwa kuibuni wakati wa mazoezi, mle ndani kaandikwa kama mtoa hamasa. Mtoa hamasa!! Nimecheka nikakumbuka ya kwangu.

#36 Msabato Mpole
Kumbe Mama I'm Coming Home ni ya huyuhuyu? Hiyo nyimbo inapigwa hata kwenye redio za kistaarabu. Mama ni mama yake?

#37 Mwana Ngamiani
Ni mkewe, Sharon. Msabato ushanogewa wewe, usiondoke.

#38 Popo wa Pemba
Tuhesabu basi, ziko ngapi? Mimi nasema 11.

#39 Chuma Kizito
13 za studio. Blizzard, Diary, Bark, Ultimate Sin, No Rest, No More Tears, Ozzmosis 1995, Down to Earth 2001, Under Cover 2005, Black Rain 2007, Scream 2010, Ordinary Man 2020, Patient Number 9 2022.

#40 Fundi Mitambo
Under Cover ni nyimbo za watu wengine kaimba upya, hiyo usiihesabu. 12.

#41 Chuma Kizito
Imerekodiwa studio, ni albamu, 13.

#42 Rocka wa South B
Kama mnahesabu za watu wengine basi wekeni na Speak of the Devil ya 1982, ile ya jukwaani New York, nyimbo zote za Black Sabbath. Na hiyo nayo ina stori, Jet walikuwa wanamdai albamu ya jukwaani, Randy hakutaka kabisa kupiga nyimbo za Sabbath, wakagombana. Halafu Machi 19 ile ajali ya ndege Florida ikamuua Randy, miaka 25. Aliyepiga gitaa mle ni Brad Gillis wa Night Ranger, aliyeingia katikati ya ziara. Sabbath nao walikuwa na yao ya jukwaani inakuja, Live Evil na Dio anaimba, yule aliyechukua nafasi ya Ozzy, na Ozzy akawatangulia. Kwa hiyo mkataba, au kulipiza kisasi kwa Sabbath, au vyote.

#43 Bibi Santuri
Uingereza ilitoka kwa jina la Talk of the Devil, ninayo. Ila ya jukwaani ya kununua ni Tribute, 1987, sehemu kubwa Cleveland Mei 1981. Pale Sarzo na Aldridge WALIPIGA kweli, mtawasikia wenyewe, na ni hodari, hawana kosa lolote kwenye ugomvi wa kava. Mwisho kuna Randy studio anarudiarudia Dee, kale kawimbo ka gitaa la klasiki alikompa mama yake, anakosea anacheka anaanza tena.

#44 Kaseti ya Mjomba
Nimeisikiliza leo hiyo Tribute. Sawa, Aldridge moto. Lakini mnaona, hata hapo ni Randy. Narudi palepale, mbili tu. Hizi za mwisho na kina Elton John na Post Malone mnataka kunishawishi?

#45 Mwana Ngamiani
Post Malone yumo kweli mkuu, kwenye It's a Raid ya Ordinary Man, lakini Take What You Want ya 2019 ni wimbo wa Post Malone, Ozzy na Travis Scott walialikwa. Ila ndiyo ilimkutanisha na prodyuza Andrew Watt, ikazaa Ordinary Man, ya kwanza baada ya miaka kumi. Duff McKagan besi, Chad Smith drami, na huyo Elton John.

#46 Besi Nne
Na Patient Number 9 ikapata Grammy ya albamu bora ya rock 2023. Mzee anaumwa Parkinson anatoa kitu kama kile. Jeff Beck yumo, Clapton yumo, Tony Iommi mpiga gitaa wa Sabbath yumo, Taylor Hawkins drami na alifariki hata haijatoka. Lakini angalieni tena, kila wimbo umejaa wageni. Tangu 1980 mpaka 2022 hajawahi kuwa peke yake hata siku moja, hii "solo" ni lugha ya lebo.

#47 Wakili wa Kijiweni
Kwa hoja hiyo hakuna solo duniani. Michael Jackson naye alikuwa na prodyuza Quincy Jones. Jina lililo kwenye mkataba ndilo lenye albamu, mwisho wa kesi.

#48 Besi Nne
Mwisho wa kesi kwa wakili. Kwa mpiga besi bado.

#49 Bibi Santuri
Kerslake alipokuwa anaumwa saratani aliomba hadharani apewe diski zake za platinamu za Blizzard na Diary. Ozzy akamtumia na barua, ikawa habari mwanzoni mwa 2019. Alifariki 2020. Wengine hapa wanasema ilikuwa uungwana, wengine wanasema baada ya miaka karibu 40 ni aibu. Julai 30 mwaka 2025 jeneza la Ozzy lilipopita Broad Street mpaka lile daraja la Black Sabbath watu wazima walikuwa wanalia barabarani, nadhani hakuna aliyekuwa anawaza besi siku ile.

#50 Rocka wa South B
Na ile show ya mwisho Villa Park, Julai 5, wiki mbili na kidogo kabla hajafa, ameketi kwenye kiti cha enzi, nyimbo za peke yake alizochagua tano: I Don't Know, Mr. Crowley, Suicide Solution, Mama, Crazy Train. Nne za Blizzard. Mtoa mada hapo una hoja kidogo.

#51 Kaseti ya Mjomba
SI NILISEMA.

#52 Mwana Ngamiani
Umesema mbili, Diary haina hata wimbo mmoja hapo. Na Mama ni ya No More Tears. Hesabu upya.

#53 Fundi Mitambo
Siku hiyohiyo Jake E. Lee alipanda jukwaani, mtu aliyekuwa amepigwa risasi Las Vegas miezi michache nyuma, wakapiga The Ultimate Sin, Lzzy Hale akaimba. Albamu iliyoachwa 2002 ikapigwa mbele ya uwanja mzima. Rocka, kama tatizo lilikuwa haki za nyimbo, mbona Shot in the Dark nayo ilipigwa siku ile?

#54 Rocka wa South B
Kupiga jukwaani na kuuza CD ni vitu viwili bana, muulize Wakili.

#55 Wakili wa Kijiweni
Ni viwili kweli. Ila sijasema wewe uko sahihi.

#56 Kaseti ya Mjomba
Asanteni wote. Kuna mwenye The Ultimate Sin ya CD anauza? Niko Temeke, hata bila kava nachukua. Na hii yangu ya 2002 kuna anayeitaka?

#57 Popo wa Pemba
Ya 2002 hatutaki hata bure.